Nilichapa fulana za Hanang nikaandika "mapato yote". Hesabu hii hapa, mnihukumu

#1 · Kalamu ya Mkaa (mleta uzi)

Wakuu, salama?

Jambo hili ninalo kifuani tangu Januari, leo limenishinda. Mimi ni dizaina. Nembo, kadi za harusi, fulana za sendofu, ndio ugali wangu, na ofisi ni kompyuta moja na kibaraza cha nyumba Kinondoni. Juzi kijana ninayemwelekeza kazi kanitumia mchoro wa fulana ya mafuriko ya Rufiji ya mwaka huu wa 2024. Paa la bati linaelea, mtoto kakaa juu yake, begani kuna msalaba mwekundu, chini kaandika: "Mapato yote yatakwenda kwa wahanga." Akaniuliza, "Bro, rangi zimekaa?"

Rangi zimekaa. Mpaka sasa sijamjibu, maana sentensi ile niliiandika mimi kabla yake, na najua ndani yake kuna nini.

Jumapili ya 3 Desemba 2023 mnaikumbuka. Mlima Hanang ulimeguka, tope na mawe na magogo vikashuka hadi Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Idadi ya waliokufa ikawa inapanda kila taarifa ya habari hadi kufika 89. Mimi niko Dar, simu mkononi, video zinaingia moja baada ya nyingine. Kuna ile hali ya kutaka kufanya kitu, na mkono wako unajua kitu kimoja tu. Wangu unajua kuchora. Nilikaa saa nne usiku, saa nane mchoro ukawa tayari: fulana nyeusi, mkono mweupe unachomoza kwenye tope la kahawia, juu HANANG, chini "Tuko pamoja". Asubuhi nikaweka mtandaoni. Fulana 25,000, mapato yote yanakwenda Hanang, ukiwa Dar unaletewa bure.

Sasa hesabu. Nilichapa fulana 100. Fulana tupu ya pamba nilipata Kariakoo kwa 7,500, kwa hiyo 750,000. Fundi wa kuchapa kwa skrini (ile fremu ya kitambaa inayopitisha wino), rangi mbili, 2,500 kila moja, 250,000. Kutengeneza skrini zenyewe mbili, 40,000. Mifuko, 30,000. Bodaboda kwa oda 22 za "kuletewa bure", 66,000. Jumla 1,136,000, sehemu akiba yangu, sehemu nilikopa kwa shemeji. Zikauzwa 63, zikaingia 1,575,000. Nikatoa gharama, zikabaki 439,000. Nikapeleka zote, sikubakiza hata mia ya vocha. Risiti ninayo.

Kwa hiyo mtu aliyetoa 25,000 akiamini kapeleka 25,000 Hanang, alipeleka 6,968. Zile nyingine zilikwenda Kariakoo, kwa fundi, kwa bodaboda, na kwenye fulana 37 ambazo hazikununuliwa na ziko chini ya kitanda changu mpaka leo.

Sikuiba, wakuu. Ila niliandika mapato nikimaanisha faida. Mapato ni kinachoingia, faida ni kinachobaki. Hilo tulifundishwa kidato cha pili kwenye somo la biashara, na siku ile nililisahau kwa raha zangu, kwa sababu "faida itakwenda Hanang" haivutii kama "mapato yote".

La pili ni muda. Pesa niliipeleka tarehe 19 Januari. Siku 47 tangu tope lishuke.

La tatu ndilo linalonitoa jasho. Kabla ya Hanang nilikuwa na wafuasi 1,900 Instagram. Baada ya wiki mbili, 6,400. Mmoja wao akanipa kazi ya fulana 300 za mkutano wa kampuni yake, akaniambia, "Nilikuona kwenye ile ya Hanang, nikajua huyu ni mtu wa watu." Kazi ile ilinilipa kuliko nilichopeleka Hanang.

Nimwambie nini kijana?

#2 · Mzee wa Fitina

Kwa hiyo kwa Kiswahili chepesi, katika kila mia, Hanang walipata ishirini na nane. Na wewe ukapata wateja. Mkuu, umefanya biashara, acha kulia.

#3 · Sarufi Kwanza

Nje ya mada kidogo: "wahanga" ni watu waliotolewa au kujitoa kafara. Watu wa Rufiji hawakujitoa mhanga, mto uliwafuata nyumbani. Waathirika. Tuendelee.

#4 · FundiSkrini

Mimi ndiye yule wa upande wa pili wa hesabu. Si fundi wa mleta uzi, ila nafanya kazi hiyohiyo, Ilala, mwaka wa kumi na moja sasa.

Janga likitokea simu yangu haikauki. Dizaina anapiga: "Fundi, hii ni ya msaada, nichapie kwa bei ya huruma." Nikimwambia bei, ananikatia simu, na jioni naona kaandika kwenye stetasi kwamba kuna watu hawana utu. Naomba niulize: jina la nani liko kwenye fulana? La nani liko kwenye posti? Wafuasi 4,500 walioongezeka, fundi alipata wangapi? Dizaina katoa usiku mmoja wa kuchora. Mimi anataka nitoe siku mbili za kusimama mezani, wino wangu, umeme wangu, na mtoto wangu anadaiwa ada. Ukitaka kujitolea, jitolee jasho lako.

Tena hesabu yako, mkuu, ina tundu kubwa na si kwenye bei ya fundi. Ni zile 37. Kila fulana ilikukalia 10,300 mpaka kuingia mfukoni. Mara 37 ni 381,100. Hiyo pesa imelala chini ya kitanda, na imetoka kwa watu wa Hanang, haijatoka kwako, kwa sababu ulirudisha kwanza gharama zako zote. Ungekusanya oda kwanza, watu walipe, ndipo uje kwangu na idadi kamili ya 63, ungebakiwa na 820,100. Karibu mara mbili. Na ungewaambia wateja bodaboda wajilipie, hapo 886,100.

Skrini ukishaitengeneza haijali unachapa 63 au 100. Fulana tupu ndizo zinazokula mtaji. Nawaambia wateja wangu kila siku, hawasikii, kila mtu anataka apige picha na rundo.

#5 · Kalamu ya Mkaa (mleta uzi)

Fundi, hapo kwenye 37 umenipiga pabaya. Nilikuwa naziona kama hasara yangu. Kumbe hasara niliibebesha kwao.

Na lile la bei ya huruma, nakiri niliomba. Fundi wangu alinipunguzia kutoka 3,000 hadi 2,500, na sikumtaja popote.

@Mzee wa Fitina, silii. Nahesabu.

#6 · mbongo_ughaibuni

Niko Ohio, Marekani, nafanya kazi ya uhasibu, acha niseme kidogo huku inavyokwenda.

Huku swali hili limeshachosha watu mpaka likaandikiwa vigezo. Kuna chombo kinaitwa BBB Wise Giving Alliance, kinapima mashirika ya hisani kwa vigezo 20. Cha 19 kinahusu hasa bidhaa zinazouzwa kwa ahadi kwamba shirika fulani litafaidika. Mnunuzi aambiwe palepale anaponunua ni kiasi gani cha bei kitakwenda kwenye hisani, kampeni inaanza na kuisha lini, na kama kuna kima cha juu au cha chini kilichoahidiwa. "Sehemu ya mauzo" haitoshi. "Mapato yote" nayo haitoshi kama hujasema yote ya nini.

Na watu wameshafikishana mahakamani. Baada ya tetemeko na tsunami ya Japani, Machi 2011, mwanamuziki Lady Gaga aliuza bangili za mkononi za dola 5 zilizoandikwa "We Pray for Japan" (Tunaiombea Japani). Zilinunuliwa kweli. Miezi michache baadaye akafunguliwa kesi katika jimbo la Michigan, walalamikaji wakidai wanunuzi waliaminishwa kila senti inakwenda Japani wakati kuna gharama za usafirishaji zilizoongezwa juu. Upande wake ulikana. Shauri likaisha kwa maelewano, ikatolewa dola 107,500 nyingine. Angalieni ugomvi ulikuwa kwenye nini: usafirishaji. Bodaboda, wakuu.

Kwa hiyo mleta uzi, "kuletewa bure" yako ndiyo ningeanza nayo mimi. Hakuna cha bure. Aliyelipia ile bodaboda ni mtu wa Katesh.

#7 · Mzee wa Fitina

Ohio mnaishi raha, mna muda wa kushtakiana kwa bangili.

#8 · wa Naivasha

Niulize kama jirani. Kwa nini lazima kuwe na tishati?

Sisi huku ni watu wa harambee, unachangia na jina linasomwa, hiyo najua. Lakini 2011 ukame ulipochoma kaskazini, kukawa na Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki nne na likapitwa. Mimi nilituma mia mbili kwa M-Pesa, nikapata meseji ya kushukuriwa, basi. Hakuna aliyenitumia kitu cha kuvaa.

Wiki hii Mai Mahiu maji yamebeba watu usiku wakiwa wamelala, si mbali na kwangu. Jana nimeona posti ya hoodie, "Pray for Mai Mahiu", shilingi 2,500. Hoodie! Watu hapa tunatafuta mablanketi. Naona mtu ananunua nguo, anapewa na cheti cha wema juu yake. Akitembea mjini tunajua alichangia. Mimi wa mia mbili za M-Pesa hakuna ajuaye, na pesa yangu ilifika nzima.

#9 · Kalamu ya Mkaa (mleta uzi)

Poleni sana, ndugu yangu wa Naivasha. Video za Mai Mahiu tumeziona.

Swali lako nimelitafuna usiku. Jibu la haraka ni kwamba wengi wa wale 63 wasingetuma 25,000 kwenye akaunti. Najua, kwa sababu namba ya akaunti niliiweka palepale kwenye posti, "asiyetaka fulana atume moja kwa moja", na walioniambia wametuma hivyo ni watatu. Fulana inavuta mkono usiotoka mfukoni.

Ila hilo ndilo jibu la kila muuzaji. Nikilikubali lote, basi 6,968 ni bora kuliko sifuri na uzi ufungwe. Sijaridhika nalo. Yule aliyetoa 25,000 ameshajihesabu katoa. Kesho akiombwa msaada wa Hanang kanisani au msikitini atasema nimeshachangia. Huenda nilimzuia 10,000 yake ambayo ingefika nzima. Siwezi kulithibitisha, lakini nikijiangalia mwenyewe najua ndivyo ninavyofanya.

#10 · Binti Hanang

Habari zenu. Mimi ni wa Katesh. Nilitaka kupita kimya, nimeshindwa.

Kaka mleta uzi, fulana yako naijua. Mdogo wangu anasoma Dar, alirudi likizo Desemba amevaa. Aliingia nayo uani tukiwa tumekaa na mama mkubwa. Mama mkubwa aliitazama, akainuka, akaingia ndani, hakutoka mpaka mdogo wangu alipobadilisha. Hakuna aliyesema neno.

Ule mkono, kaka. Wewe ulichora kwa kufikiria. Sisi tulikuwa tunafukua kwa jembe na sufuria kabla mitambo haijafika, na mkono ndio uliokuwa unaonekana kwanza. Mikono tuliiona. Tulikuwa tunamjua mtu kwa bangili, kwa saa.

Nasema hivi si kwa ubaya. Najua ulitaka kusaidia na pesa ulituma, asante. Lakini mmekaa hapa kurasa mbili mnahesabu bodaboda, na hakuna aliyeuliza mchoro wenyewe ulikuwa wa nini.

Na zile siku 47 unazojilaumu, mimi nisingekulaumu. Desemba magari yalipanga foleni. Unga, maharage, nguo nyingi sana, nyingine viatu vya mguu mmoja. Kwa pale nilipokuwa mimi, shida ilikuja baadaye, shule zimefunguliwa, daftari hakuna, godoro hakuna, na mtandaoni watu wameshahamia kwenye habari nyingine. Pesa ya Januari ilikuwa na kazi. Ungesema tu wazi kwamba itakuja Januari.

#11 · Kalamu ya Mkaa (mleta uzi)

Dada, nimesoma asubuhi nikafunga simu. Sasa hivi ndio narudi.

Samahani. Mpe mama mkubwa pole yangu, na kama hafai kuambiwa, basi usimwambie.

Niwaeleze wengine ule mkono ulitoka wapi, kwa sababu nadhani ndipo madizaina tunapokosea bila kujua. Saa nne ile usiku sikuwa nawaza mama mkubwa wa mtu. Nilikuwa nawaza picha itakayosimamisha kidole cha mtu anayepitisha posti. Mkono unasimamisha kidole. Nilijaribu kwanza mlima peke yake, mstari mmoja tu wa Hanang jinsi unavyoonekana ukitoka Singida, nikaufuta. Nikasema umepoa. "Umepoa" ndilo neno nililotumia, peke yangu, saa tano usiku, wakati watu wanafukua.

Madizaina wote tunasoma habari za Milton Glaser, dizaina wa Marekani. Moyo wa nembo ya I ♥ NY (naipenda New York) ni wake, wa miaka ya sabini. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 aliuchora upya, akaongeza maneno "More Than Ever" (kuliko wakati wowote), na kwenye moyo akaweka doa jeusi dogo chini kushoto, kama mahali ngozi ilipoungua. Gazeti la Daily News la kulekule New York likauchapa siku chache baadaye. Hakuna jengo, hakuna moto, hakuna mtu anayeanguka. Na alikuwa mtu wa New York, aliuchora mji wake. Mimi Hanang nimepita mara moja, kwenye basi, nimelala.

#12 · Mjitolea Mtwara

Naongezea kitu ambacho madizaina wengi hawakijui, na mleta uzi kakipitia juujuu pale mwanzo: msalaba mwekundu begani.

Mwambie kijana aufute leo. Ule si urembo wa "msaada". Ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na mizizi yake inarudi mpaka 1864. Kazi yake ya asili ni kumwambia mtu mwenye bunduki: huyu ni mhudumu wa majeruhi, usimpige. Wanaoruhusiwa kuitumia wanajulikana, na wewe na mimi tunaochapa fulana hatumo, vita iwepo isiwepo. Kibanda cha dawa kilichopaka msalaba mwekundu ukutani nacho kinakosea, ndiyo maana wengi siku hizi wanatumia wa kijani.

Kuna ubaya wa pili wa karibu zaidi. Mnunuzi akiuona anadhani Chama cha Msalaba Mwekundu kiko nyuma ya fulana hiyo. Kumbe hakina habari. Nimejitolea kwenye chama hicho miaka sita, nimeshapigiwa simu kuulizwa "fulana zenu tunazipata wapi", hatuna fulana. Pesa ya huyo mtu ikipotea, lawama inakuja kwetu, na janga likifuata hatoi.

Kijana anataka kupeleka pesa kwetu? Aje ofisini kwanza, aandike, akubaliwe, ndipo atutaje.

#13 · nshomile_86

Nawasoma tangu #1. Mimi wa Bukoba.

Mnazungumza kana kwamba pesa ikishatoka kwa dizaina imefika. Tetemeko la 10 Septemba 2016 sisi tulikuwa ndani yake, ukubwa wa 5.9, nyumba ya baba ilibaki mlango na kabati. Taifa zima likachanga. Kabla mwezi haujaisha Rais Magufuli akatengua uteuzi wa viongozi wawili wa serikali huko kwetu, Ikulu ikieleza kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina sawa na ile ya kuchangia maafa. Hebu fikirini mtu aliyesimama kwenye foleni ya benki na elfu tano yake siku zile.

Kwa hiyo risiti yako, mleta uzi, usiseme "ninayo". Iweke. Jina la akaunti lionekane, tarehe ionekane. Umetuambia tangu mwanzo unayo, na hakuna aliyeiona.

#14 · Kalamu ya Mkaa (mleta uzi)

Umenena. Nimeibandika kwenye #1, nimefunika namba yangu ya simu tu. Na nimerudi kwenye ile posti ya Desemba, sikuifuta, nimeandika juu yake: "Kila fulana ya 25,000 ilipeleka shilingi 6,968 Hanang, tarehe 19 Januari. Nilisema mapato yote. Nilikosea." Mpaka sasa wamenifuata watu wawili faragha. Mmoja kanishukuru. Mwingine anataka arudishiwe 18,032 yake, na kaipiga sawasawa mpaka shilingi ya mwisho. Nitamrudishia.

Nilichomwandikia kijana ni hiki, mnisahihishe. Toa kwanza. Kabla hujachora, angalia mfukoni una ngapi ya kutoa, hata iwe 50,000, itume leo, weka risiti. Kisha kama bado unataka kuchapa, chapa, kusanya oda kwanza kama fundi alivyosema, na kwenye posti taja shilingi: fulana hii ni 25,000, kati ya hizo 13,000 zinakwenda Rufiji tarehe fulani, 12,000 ni fulana na fundi. Usitaje asilimia, asilimia ina pa kujificha. Na mchoro, mwonyeshe mtu mmoja wa kule kabla hujauweka hadharani.

Kuhusu wafuasi na ile kazi ya fulana 300, sijapata jibu. Nilifikiria kutoa sehemu ya malipo yale. Nikaona nikitoa kisha nikaandika hapa nimetoa, naanza upya mzunguko uleule.

#15 · Dogo Dizaini

Bro, kijana ni mimi, uzi nimeuona.

Hiyo ya toa kwanza ni ya mtu mwenye mtaji. Mimi hapa nina 8,000 na bando. Kitu pekee nilichonacho ni mchoro. Mkisema asiye na pesa asichore mpaka atoe, mmefunga mlango kwa sisi wote tunaoanza, na wenye majina makubwa ndio watakaobaki kuwa watu wema.

Msalaba nimefuta. Mtoto bado sijamfuta, ila sijauweka popote.

#16 · FundiSkrini

Dogo ana hoja. Lakini dogo, kama kitu pekee ulichonacho ni mchoro, toa mchoro. Wale wa Msalaba Mwekundu, wale wa parokia, wale wa msikiti wa Ikwiriri, wote wanahitaji tangazo linalosomeka, lenye namba ya kuchangia iliyo sahihi, lisilo na makosa. Nimeona matangazo ya michango yana namba zimekosewa tarakimu. Wachoree bure. Jina lako usiliweke.

#17 · Mzee wa Fitina

Jina asiliweke? Fundi, sasa umemuua kabisa.

#18 · Dogo Dizaini

Niliweke dogo tu kwenye kona basi 😂

#19 · wa Naivasha

Kona ni sawa. Tuma na huku, tangazo letu la mablanketi limeandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye katoni.

#20 · Dogo Dizaini

Nitumie maneno faragha. Usiku huu unapata.

#21 · Pamba Pori

Samahani nimechelewa. Hizo fulana 37 si uzipeleke Hanang zigawiwe tu? Nguo ni nguo.

#22 · mbongo_ughaibuni

Hapana, mkuu. Mwaka 2010 Mmarekani mmoja, Jason Sadler, aliyekuwa anaishi kwa kuvaa fulana za matangazo, alitangaza atakusanya fulana milioni moja alete Afrika. Watu wa misaada na Waafrika wenyewe wakamjia juu mtandaoni kwamba Afrika haina upungufu wa fulana, mitumba imejaa, na gharama ya kusafirisha ingefanya mambo mengine. Akaachana nao. Mwaka uliofuata shirika la misaada la World Vision nalo likapokea fulana laki moja za ubingwa za timu iliyoshindwa, zilizochapwa kabla ya fainali ya mpira wa Kimarekani, ikasemwa vilevile.

#23 · Binti Hanang

Hata bila ya hao Wamarekani. Fulana 37 zenye mkono ule, zivaliwe sokoni Katesh? Kaka, tafadhali usizilete huku.

#24 · Kalamu ya Mkaa (mleta uzi)

Siwezi kuzileta, dada. Siwezi kuziuza, siwezi kuzigawa, na kuzichoma ni kuchoma 381,100. Nimezitoa chini ya kitanda leo, nimezipanga mezani, nazitazama tu.

#25 · FundiSkrini

Fulana ni nyeusi, si ndio? Wino mweusi mzito unaufunika ule mkono, na tope lake, na maandishi yote. Boksi moja kubwa jeusi kifuani, tabaka moja la wino halitoshi, tunapiga mawili, tunakausha katikati. Ukigusa utausikia, kwa macho hauonekani. Juu yake unachapa unachotaka, hata ule mlima uliosema umepoa.

Lete Jumamosi kabla ya saa nne. Kufunika ni 1,000 kila moja, skrini ya boksi 15,000. Hiyo ndiyo bei, mkuu. Usianze.